Mpenzi wa Saa Kumi

Foleni ya chakula katika shule ile ya sekondari ilikuwa ndefu kiasi kwamba aliyesimama mwisho angeweza kuota ndevu kabla ya kufika kwenye sinia. Siku hiyo mwisho kabisa alisimama msichana wa miaka kumi na saba, sketi ya sare ya kuazima imebanwa kwa pini kiunoni. Yeye na mama yake walikuwa na wiki mbili tu katika nchi hii. Lugha ya pale alijua maneno kama ishirini, nusu yake ya kuomba radhi. Wanafunzi walimwita Kimya.

Mbele yake alikuwa mvulana mtanashati, shati limenyooka kwa pasi mpaka linaweza kukukata kidole, na fundo la tai dogo, safi. Kwa fundo hilo shule nzima ilimwita Tai. Mkono wa mpishi ukateleza, mchuzi wa moto ukammwagikia Tai vidoleni.

"Mama yangu weee, nimekwisha!"

Alilia kwa lugha ya kwao Kimya, lugha ndogo ambayo hata simu za kutafsiri hazijawahi kuisikia.

Kimya nusura aangushe sinia. "Kumbe wewe ni wa kwetu!"

Tai akamtazama kama mtu anayetazama ukuta. "Sielewi," akajibu kwa lugha ya pale, akaenda zake kukaa na rafiki zake.

Saa kumi jioni simu ya Kimya ikalia. Namba ilikuwa imetolewa kwenye orodha ya darasa.

"Usikate, tafadhali. Ni mimi, wa mchuzi."

"Wa mchuzi haelewi lugha yangu."

"Anaelewa. Vidole vinamuuma, na roho inamuuma zaidi."

"Basi alambe vyote viwili."

Tai akacheka, kisha akaeleza. Alipofika nchi hii alitiwa darasa la wageni, mwaka mzima akipaka rangi picha za matunda pamoja na watoto wa miaka kumi na mmoja. Baba yake, dereva wa lori, alimwapisha: ukionekana unaongea lugha yetu huko shuleni, watakurudisha darasa lile la wageni.

Ikawa kila siku saa kumi, baba akiwa barabarani, simu inalia. Kimya alijilaza kitandani, kisigino ukutani, akacheka mpaka jirani akagonga dari.

"Umekula, asali?"

"Saa kumi mimi ni asali. Saa nne asubuhi ukinipita koridoni mimi ni nguzo."

"Nguzo nzuri, lakini."

"Toka hapa!"

Alicheka, lakini ilimchoma.

Ukaja mtihani wa hesabu. Walikaa dawati moja; Kimya alikuwa ameingizwa darasa la kawaida kwa majaribio. Huko kwao Kimya, wanafunzi themanini waligawana karatasi chache, kwa hiyo alizoea kukokotoa kichwani na kuandika jibu tu. Mwalimu wa hesabu akakuta karatasi mbili zenye majibu yaleyale, yote sahihi. Ya Tai ilikuwa na hatua zote. Ya Kimya haikuwa na hata mstari mmoja. Barua ikaja: msichana ameibia mtihani; Alhamisi aje na mzazi, ahamishiwe darasa la wageni. Na darasa lile halitoi cheti. Akitimiza miaka kumi na minane akiwa humo, shule inamfungia mlango, aende kufua mashuka ya hoteli pamoja na mama yake.

Saa kumi Kimya hakungoja salamu. "Ulichungulia."

"Mawili tu."

"Sita."

"Sita. Nilikwama, nikatunga hatua kwa kurudi nyuma."

"Njoo Alhamisi useme. Hakuna mwingine hapa anayejua lugha yangu."

"Asali, watanifukuza. Baba ataniua."

"Basi usiniite asali."

Akakata. Siku mbili simu iliita saa kumi, ikaita mpaka ikachoka.

Alhamisi mama mtu alifika ofisini na aproni ya kazini, mikono imechubuka kwa sabuni. Mwalimu mkuu akajaribu simu ya kutafsiri, nayo ikatangaza kwamba binti amekula daraja.

"Nani alikaa na wewe?" akauliza polepole.

Hilo Kimya alilielewa. Jina lilikuwa fupi, kwenye ncha ya ulimi. Akatazama sakafu.

"Mwanangu, sema kitu," mama akanong'ona.

"Sina maneno yao, mama."

Mwalimu mkuu akachukua kalamu. Mlango ukafunguliwa. Tai aliingia anahema, shati limetoka nje.

"Shikamoo, mama," alisema kwa lugha ya kwao, mbele ya wote.

Mama akashtuka. "Marahaba, mwanangu."

Kisha Tai akasema kwa lugha ya pale: "Mimi ndiye niliyechungulia. Mpeni hesabu yoyote."

Mwalimu mkuu akaandika kwenye ubao wa ofisini 7,848 kugawa kwa 24. Chaki haijatua, Kimya ameshajibu. Tai akatafsiri: "Anasema mia tatu kwanza. Zinabaki mia sita arobaini na nane, hizo ni ishirini na saba. Jumla mia tatu ishirini na saba."

Kimya akabaki darasani kwake. Tai akafukuzwa siku hiyohiyo.

Lori la baba lilikuja kumchukua getini wakati wa mapumziko. Baba hakushuka. Alipiga honi tu, akanyoosha mkono dirishani, akachukua simu ya mwanawe na kuitia mfukoni mwake.

"Nilichelewa," alisema Tai, kwa lugha yao, wanafunzi wamejaa pande zote.

"Ulichelewa. Lakini ulikuja."

"Umenisamehe?"

"Nimekusamehe. Sasa hapa nitaongea na nani?"

Honi ikalia tena. Tai alimshika vidole, akaviachia, akapanda lorini.

Msichana mmoja wa darasani akamsogelea Kimya. "Yule ni kaka yako?"

Kimya akatafuta katika maneno yote aliyonayo ya nchi ile. Neno la kusema Tai ni nani kwake halikuwamo. Hakuna aliyekuwa amemfundisha.

"Hapana," akasema, akaingia darasani.