Tundu Dogo kwenye Kidole cha Luka

Luka na mkewe Restuta walikuwa mafundi rangi. Waliishi Ihumwa, mashariki ya jiji la Dodoma, si mbali na reli. Tangu waoane walifanya kazi pamoja. Luka alishika rola, akapaka sehemu pana za ukuta. Restuta alishika brashi, akapaka kona na kingo za madirisha. Mkono wake ulikuwa mtulivu. Nyumba ikipakwa na Mama Hana, watu walisema wakimwita kwa jina la binti yake, huwezi kuona tone la rangi kwenye kioo.

Kisha ikaja mashine.

Ilikuwa ya Ernest, mdogo wake Luka. Ernest alipata kazi mkoa mwingine, akamwachia kaka yake mashine ya kupulizia rangi. Pampu yake ilivuta rangi kutoka kwenye ndoo na kuisukuma ndani ya mpira mrefu. Mwisho wa mpira palikuwa na bunduki ya rangi yenye nozeli, kitundu chembamba cha kutolea rangi. Ukibonyeza kifyatulio, rangi ilitoka kama ukungu na kutua ukutani sawasawa. Ernest alimwonyesha Luka namna ya kuiwasha. Basi lake lilikuwa karibu kuondoka, wakaagana.

Luka aliipenda mashine ile. Kazi ya wiki nzima sasa aliimaliza kwa siku mbili. Restuta naye alifurahi, ingawa kuna siku alikaa na brashi yake mkononi akiwa hana cha kufanya.

Mwezi wa sita, kanisa la mtaani kwao liliwapa kazi ya kupaka ukumbi. Sikukuu ya mavuno ilikuwa Jumapili, na wazee wa kanisa walitaka ukumbi uwe tayari. Siku ya Alhamisi, Luka na Restuta walifika mapema. Upepo wa kiangazi ulikuwa umeanza, kwa hiyo Restuta alifunga madirisha ya upande wa barabarani ili vumbi lisishike kwenye rangi mbichi. Sehemu ya chini ya kuta ilikuwa ya rangi ya mafuta. Luka akaanza kupuliza.

Baada ya muda bunduki ilianza kutema matone badala ya ukungu.

"Nozeli imeziba," Luka alisema.

Hakuizima mashine. Alifungua kikinga cha plastiki kinachozunguka nozeli, akapangusa tundu kwa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa bado umeshika bunduki. Akabonyeza kidogo tu, aone kama imezibuka.

Alishtuka na kuuvuta mkono kwa nguvu.

"Nini?" Restuta aliuliza.

"Imenichoma."

Restuta alikimbia kumtazama. Kwenye ncha ya kidole palikuwa na tundu dogo kama la mwiba wa mgunga. Damu haikutoka. Palikuwa na tone moja tu la rangi ya kahawia. Hata glavu aliyovaa ilikuwa imetobolewa kama karatasi.

"Inauma?"

"Siyo sana. Lete maji ninawe, tuendelee."

Wakaendelea. Lakini Restuta hakuwa na amani. Kila akigeuka alimwona mumewe akikunja na kukunjua kile kidole. Jua lilipofika utosini, kidole kilikuwa kimevimba na kubadilika rangi, kikawa cheupe cheupe kama nyama iliyokaa majini. Restuta alikigusa.

"Unasikia nikigusa hapa?"

"Sisikii vizuri," Luka alijibu. "Lakini kiganjani panagonga. Nikifika nyumbani nitatia mkono kwenye maji ya moto na chumvi."

"Baba Hana, tundu lipo kwenye kidole. Kiganja kinauma kwa nini?"

Restuta aliweka brashi chini, akaenda moja kwa moja kwa jirani yao Asma.

Asma alikuwa mwenyeji wa Kondoa, nesi wa chumba cha upasuaji katika hospitali moja ya mjini. Siku hiyo alikuwa nyumbani, akiosha vyombo uani.

"Samahani, dada Asma. Baba Hana amechomwa kidole na ile mashine ya rangi. Tundu lenyewe dogo sana. Lakini mkono unavimba."

Asma aliacha sufuria kwenye beseni.

"Rangi imeingia ndani?"

"Sijui. Nje haionekani."

"Imemchoma saa ngapi?"

"Asubuhi, kwenye saa nne."

"Mama Hana, twende sasa hivi. Na lile kopo la rangi tutalibeba."

Walimkuta Luka amekaa kwenye kizingiti cha ukumbi, ameegemeza mkono kifuani. Asma hakukibonyeza kidole. Alikitazama tu.

"Shemeji, unakwenda hospitali. Tena kubwa, yenye daktari wa upasuaji."

"Kwa tundu hili? Si unipe tu dawa ya maumivu?"

"Nisikilize," Asma alisema, akakaa karibu naye. "Ile mashine inasukuma rangi kwa nguvu ya kutoboa ngozi. Ikitoboa, rangi haikai pale ilipoingilia. Inakimbia ndani kwa ndani, inafuata mishipa mpaka kiganjani, wakati mwingine mpaka mkononi juu. Nje unaona tundu la mwiba, ndani nyama inaanza kufa. Na hii ni ya mafuta, ina kemikali kali. Usiikamue. Usiifunge kwa kamba. Maji ya moto pia hapana. Nyanyua mkono juu, na usile wala usinywe chochote, maana huenda wakakufanyia upasuaji leo."

"Sikukuu ni Jumapili," Luka alisema kwa sauti ya chini. "Wazee wa kanisa nitawaambia nini?"

Restuta alichuchumaa mbele yake. Hakupaza sauti.

"Wazee nitawaambia mimi. Ukuta utatungoja. Inuka, baba Hana."

Luka akainuka.

Hospitalini Asma aliwaeleza wenzake maneno machache: rangi imeingia ndani ya kidole kama sindano, kwa presha kubwa. Hakuna aliyewaambia wapange foleni. Daktari alisoma maandishi kwenye kopo, akaagiza picha ya mkono, kisha akawaeleza kwamba atapasua kidole mpaka kiganjani ili aisafishe rangi yote.

"Kidole siwezi kuwaahidi," alisema. "Mkono nadhani tutauokoa."

Restuta alibaki kwenye benchi akiwa na lile kopo mapajani. Alisali, akasahau maneno, akaanza tena. Binti yao Hana alifika kutoka shuleni na sare yake, akaegemea bega la mama. Jua lilikuwa limeshuka sana daktari alipotoka.

"Tumeondoa rangi nyingi. Mngekuja kesho, tungekuwa tunazungumza habari za mkono mzima."

Wakamrudisha Luka chumba cha upasuaji mara nyingine. Mkono ulipona. Kidole cha shahada hakikupona, kikakatwa.

Sikukuu ya mavuno ilifanyika katika ukumbi uliopakwa nusu. Watu walileta mtama, karanga na kuku, wakaimba, wakamwombea Luka. Hakuna aliyeuliza habari ya kuta.

Luka alirudi nyumbani. Alikaa uani akiutazama mkono uliofungwa bandeji. Siku moja alisema, "Hiyo mashine itoeni humu ndani. Sitaki kuiona."

Ernest alikuja kumjulia hali. Alipoona bandeji alilia waziwazi.

"Kaka, mimi ndiye niliyekuletea kitu hiki. Nikakufundisha kuwasha, lakini kuzima na kutoa presha sikukufundisha."

Luka hakumlaumu. Ni Restuta aliyesema, "Shemeji, basi nifundishe mimi. Kazi ya kanisa haijaisha, na watoto wa watu wanazitumia mashine hizi kila mahali kunakojengwa Dodoma hii."

Ernest aliitoa mashine ndani, akaiweka uani. Luka alitaka kuondoka, lakini akabaki.

"Nozeli ikiziba," Ernest alisema, "kwanza funga loki ya kifyatulio, hii hapa. Zima mashine. Punguza presha, kisha fungua koki hii, rangi irudi kwenye ndoo."

"Hapo imeisha?" Restuta aliuliza.

"Bado. Ndani ya mpira kuna presha imebaki, hata kama mashine imezimwa. Fungua loki, elekeza bunduki kwenye ndoo, bonyeza mpaka isitoke kitu. Funga loki tena. Hapo ndipo unaweza kuishika nozeli. Na kikinga cha plastiki usikivue ukiwa unapuliza. Kinazuia kidole kisifike kwenye tundu."

"Na mpira ukivuja?"

"Usiuzibe kwa mkono wala kwa kitambaa. Zima, toa presha, nunua mwingine. Glavu vaa, inakukinga na rangi, lakini haizuii rangi inayochoma kama sindano. Vaa na miwani na barakoa yenye chujio la mvuke. Madirisha yawe wazi."

"Mimi niliyafunga," Restuta alisema. "Kwa ajili ya vumbi."

"Pakeni wakati upepo umetulia, yakiwa wazi. Mvuke wa rangi ya mafuta si wa kuvuta, tena unashika moto upesi."

Restuta alirudia hatua zile mpaka mikono ikazizoea. Alipokosea mara moja, sauti ilitoka nyuma yake.

"Loki kwanza, mama Hana."

Ilikuwa sauti ya Luka.

Restuta aliumaliza ukumbi, Luka akiwa kando yake. Kabla ya kurudisha funguo, waliwaomba wazee ruhusa, wakawaita mafundi rangi wa Ihumwa na Makole. Restuta aliwaonyesha namna ya kutoa presha. Luka hakuhutubia. Alinyanyua mkono wa kushoto, akasema, "Tundu lilikuwa dogo. Nilisubiri mpaka saa saba. Nyie msisubiri."

Msimu wa mvua ulipokaribia, simu ya Luka iliita mchana. Aliyepiga ni Ludovick, fundi kijana aliyekuwepo siku ile ukumbini.

"Kaka Luka, mpira umetoboka, umenichoma kidole gumba. Niko kwenye bajaji, nakwenda hospitali. Kopo ninalo."

"Umekikamua?"

"Hapana."

"Nyanyua mkono. Waambie ni rangi kwa presha kubwa. Usiogope kusema mara mbili."

Kesho yake Luka na Restuta walikwenda kumwona. Nesi alikuwa anaruhusu mtu mmoja mmoja, akaingia Luka. Ludovick alikuwa amelala, mkono umening'inizwa juu, umefungwa bandeji nyingi. Luka alisogea, akavitazama vidole vilivyochomoza kwenye bandeji. Daktari alikuwa amepita asubuhi, Ludovick akamweleza Luka alichosema daktari.

Luka alipotoka alikaa kwenye benchi, karibu na mkewe. 

"Vidole vyote vimeokolewa?" Restuta aliuliza.

"Vyote," Luka alisema.