Kilichokaa Kwenye Breki za Seremala

Seremala alieleza kwamba taa ya ABS, ile ya onyo la breki, kwenye pikapu yake huwaka pale tu mchumba wake anapokaa kiti cha mbele. Akiendesha peke yake, gari linakwenda vizuri. Akimpakia dada yake, vizuri. Akipakia mbao mpaka springi zinalia, vizuri. Mchumba akiketi tu, taa ya njano inawaka, pedeli ya breki inatetemeka chini ya mguu, na ndani ya gari kunanukia asumini, ingawa mchumba mwenyewe hatumii manukato ya aina yoyote. Na huyo alikuwa mchumba wa tatu. Wawili wa kwanza walimwacha, kila mmoja baada ya ajali ndogo barabarani ambayo hakuna aliyeweza kuieleza.

Mafundi wawili waliokuwa wakimsikiliza, mume na mke, walibana kicheko. Mume alisema labda gari lina wivu. Seremala akacheka kidogo, kisha akauliza swali ambalo mume alikuwa amelichoka.

"Mama Fundi ndiye atakayelipima?"

Mume aliitwa Sikio. Jina hilo alipewa na wateja enzi zile alipokuwa akisimama mlangoni mwa gereji, gari likiwa bado linakata kona, na kukuambia beringi ya gurudumu la nyuma kushoto imekwisha. Mkewe alikuja pale kujifunza kazi, akawa mwanafunzi wake, halafu akawa mkewe, na kwa miaka kumi na mmoja Sikio aliendelea kumwita "mwanafunzi wangu" kwa utani, naye humjibu "ndiyo, fundi." Walikuwa na mtindo wao: Sikio huingia chini ya gari mara tu jeki inapolinyanyua, na mkewe husukuma stendi ya chuma ya kulishikilia kutoka nje. Hawakuhitaji hata kuambiana. Kisha mke akapata mashine ya kupimia, ile inayochomekwa chini ya usukani na kuandika kosa la gari kwenye kioo chake, na wateja wakaanza kumpita Sikio kama nguzo ya geti. Utani wa mwanafunzi ulibaki, lakini siku hizi ulimkwama kooni. Tuseme ukweli tu, roho ilikuwa inamuuma.

Mashine iliandika kosa la sensa, kihisi mwendo, ya gurudumu la mbele kushoto. Sikio hakungoja zaidi. Alitangaza kwamba sensa imekufa, akafunga mpya, akasimama pembeni amekunja mikono kifuani. Mchumba aliitwa akae mbele. Taa ikawaka vilevile.

Mkewe alichukua kipimo cha umeme. Alipima sensa ya zamani, akaikuta nzima. Akapima waya wake kutoka gurudumuni mpaka kwenye boneti huku akiutikisa, mzima. Akapima umeme unaoingia kwenye boksi la kompyuta ya breki, nao ulikuwa safi.

"Kila kinachoingia kwenye boksi ni kizima," alimwambia seremala. "Basi mgonjwa ni boksi lenyewe. Tubadilishe."

"Kweli hapa fundi ni wewe," alisema seremala. Hakuwa na nia mbaya hata chembe, lakini Sikio alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale, na mchana ule wote hakuweza kumtazama mkewe usoni.

Walipokuwa wakilitoa boksi, betri ilikuwa imeshafunguliwa na kuwekwa sakafuni. Plagi ilikuwa imechomolewa, na matundu ya mabomba yalikuwa yanadondosha mafuta ya breki. Boksi likanguruma mikononi mwa Sikio. Trrr. Mara moja tu, kwa kifupi, kama mtu anayeguna usingizini. Alimgeukia mkewe, akamwona anafungua katoni ya boksi jipya bila wasiwasi. Hakuwa amesikia chochote. Sikio hakumwambia, kwa kuwa ilimpendeza kuwa na jambo alilolisikia peke yake.

Gereji yao ilikuwa na sheria moja, na mke ndiye aliyeiweka: kifaa kilichotolewa kwenye gari hutiwa kwenye mfuko na kurudishwa kwa mwenye gari, ajionee. Siku hiyo Sikio alitia kwenye mfuko wa seremala boksi bovu la gari jingine, na la pikapu akalificha kwenye sanduku lake la spana. Alitaka kulifungua. Alikuwa na hakika atakuta lehemu imeachia mahali padogo tu, ataigusa, litapona, naye atalipeleka mezani mbele ya mkewe na kumwonyesha kwamba alibadilisha kitu kisichohitaji kubadilishwa.

Boksi jipya likafungwa, hewa ikatolewa kwenye breki, mke akalitambulisha kwa gari kupitia mashine yake. Mchumba akapanda mbele, wakazunguka mtaa mzima, na taa haikuwaka tena.

Jumapili asubuhi mke alipotoka, Sikio aliketi nyumbani kwenye chumba cha nyuma ya jikoni na kulifungua lile boksi. Bodi ya umeme ilikuwa safi kama imetoka kiwandani jana. Hapakuwa na ufa wala lehemu iliyoachia. Akafungua upande wa pampu inayosukuma mafuta ya breki. Kwenye shafti ya mota palikuwa na unywele mmoja mweusi, umelowa mafuta ya breki. Akaushika kwa koleo na kuuvuta, ukaja. Akavuta tena, ukaendelea kuja, mrefu kama mkono, mrefu kama yeye mwenyewe, ukijikunja mezani duara juu ya duara, na chumba kikajaa harufu ya asumini nzito kiasi cha kumfanya afungue kinywa ili apumue.

"Hatimaye," ilisema sauti ndani ya sikio lake la kulia. "Anayesikia."

Haikuwa sauti ya mwanamume wala ya mwanamke. Mtu mwenye akili zake angetupa koleo na kukimbia, na Sikio alikuwa na akili zake. Ila kilichomwingia kabla ya hofu kilikuwa furaha. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, kuna aliyemtaka yeye.

"Nakusikia," alijibu.

Tangu siku hiyo hakukosea. Gari likiingia, sauti inamnong'oneza, naye anasema: pampu ya maji, waya umekatika chini ya zulia, vali ya tatu. Wateja wakarudi kwake. Mashine ya mkewe ikawa inaandika upuuzi, halafu kioo chake kikafa kabisa. Sikio alimpa pole, na ndani ya moyo alikuwa anachekelea.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mke akimsogelea mumewe mezani, sakafu ilitetemeka chini ya nyayo zake, trrr, akasimama na kujishika ukutani. Akitaka kuingia chumbani Sikio akiwa ndani, kitasa kiligoma, na Sikio akikigusa yeye kilifunguka. Vikombe vya mke vilipasuka, vya mumewe vikabaki. Aliuliza harufu ya asumini inatoka wapi, Sikio akasema hasikii harufu yoyote, na sauti ikamcheka mkewe ndani ya sikio lake kwa kicheko kirefu ambacho kiliendelea wakati wa kula, na wakati wa kuosha vyombo, na wakati mke alipokaa upande wake wa kitanda akilia kimyakimya huku amemgeuzia mgongo, na kiliendelea hata Sikio alipoziba sikio kwa kiganja, kwa kuwa kilikuwa upande wa ndani wa kiganja.

"Mimi siwezi kugawana mtu," ilimwambia. "Seremala nilimgawana na wachumba wake mpaka nikachoka. Huyu mke wako anakawia kuondoka."

Asubuhi moja seremala alipita na kadi ya harusi yake. Aliandika jina la Mama Fundi kwanza, na la Sikio chini yake. Kitu kidogo tu, mwingine asingekiona. Sikio aliiangalia ile kadi kwa muda mrefu. Mkewe alikuwa anaingia kwenye gari la mteja ili akajaribu breki kwenye mteremko ulio nyuma ya gereji.

"Nimtoe?" ilinong'ona sauti.

Sikio alilielewa swali. Alikuwa na nafasi ya kutosha ya kusema hapana, tena alikuwa na pumzi ya kutosha. Alinyamaza. Gari likaondoka.

Kilichofuata aliambiwa na majirani, maana yeye alibaki amesimama na kadi mkononi. Pedeli ilizama mpaka chini. Mkewe alipangua gia hadi ya kwanza, akavuta breki ya mkono, gari likakwaruza ukuta urefu wa nyumba mbili na kujikita kwenye rundo la mchanga. Alitoka amevunjika mkono wa kushoto, na akasema jambo moja kabla ya kupelekwa hospitali: breki hizo alizifunga mwenyewe, hazikuwa na kasoro.

Ndipo hofu ilipomshika Sikio sawasawa, na aibu ikawa kubwa kuliko hofu. Siku mkewe alipotoka hospitali alimpeleka moja kwa moja kwa shangazi wa mkewe, mwanamke aliyekuwa akitibu watu wenye mambo ya namna hiyo, boksi pamoja na ule unywele vikiwa ndani ya gunia.

"Shikamoo, shangazi," walisema.

"Marahaba. Kiweke hapo, usikisogeze karibu naye." Shangazi alikuwa anakata vitunguu, na wala hakuacha. Alimsikiliza Sikio akieleza habari ya unywele, sauti na kitasa. "Ni jini mahaba, kitu kinachomtaka mtu peke yake. Seremala hakuwahi kukisikia, ndiyo maana kiliishia kutikisa pedeli. Wewe umekijibu. Sasa hujamaliza kueleza, mkwe."

"Nimemaliza."

"Hujamaliza. Kiliingia kwa ulichokinyamazia. Kitatoka ukikisema, na ukiseme kwake, si kwangu."

Shangazi alitia ule unywele kwenye kopo la makaa. Moshi ukapanda mweusi, asumini na mafuta ya breki pamoja, na kwenye sikio la Sikio sauti ikaanza kubembeleza, kisha kutukana, kisha kuahidi magari na majina na foleni ya wateja mpaka barabarani, ikipanda juu na juu mpaka meno yake yakawa yanagongana, na katikati ya kelele hiyo alimtazama mkewe na bandeji yake na kusema, "Kiliniuliza kama kikutoe. Nilisikia. Nikanyamaza. Nilikuwa na kijicho na wewe."

Kitu kilipasuka ndani ya sikio lake. Halafu upande wote wa kulia wa dunia ukawa kimya.

Shangazi alimgeukia mpwa wake. "Na wewe, mwanangu, umemsamehe? Usinijibu kwa adabu. Kitu hiki kikifukuzwa hutafuta donge la kinyongo kwa aliye karibu."

"Nimemsamehe, shangazi," alijibu mke upesi, akitazama sakafu.

Boksi walilipondaponda kwa nyundo. Mkono wa mke ukaunga. Sikio akawa kiziwi wa upande mmoja, naye aliona ni haki yake. Alimnunulia mkewe mashine mpya, akawa yeye ndiye anayewaambia wateja, "Muulizeni fundi," akimwonyesha mkewe. Ile "mwanafunzi wangu" aliiacha kabisa. Vitasa vilifunguka, vikombe havikupasuka. Miezi ikapita hivyo.

Mchana mmoja wa mvua pikapu ya seremala ililetwa kubadilishwa oili. Sikio aliona mashine mpya ipo rafuni, bado imo kwenye mkoba wake, ina vumbi. Alimuuliza mkewe mbona haitumii siku hizi.

"Sina haja nayo," alisema mke, akiinamisha kichwa kidogo upande. "Hili gari lina beringi ya mbele kushoto. Nimesikia tu."

Alipita karibu naye. Kitambaa chake cha kichwa kilinukia asumini. Sikio alijiambia ni sabuni. Jeki ikanyanyua pikapu, naye akateleza chini yake kama alivyofanya kwa miaka yote, akinyoosha mkono kupokea stendi.

Stendi haikuja. Chini ya mgongo wake zege likatetemeka. Trrr.

"Mama, stendi," aliita.

Aliiona miguu ya mkewe kando ya jeki, imetulia, haisogei. Aliuona mkono uliowahi kuvunjika ukishuka taratibu na kutua kwenye mpini wa jeki, ule wa kushushia gari, na hapo ukabaki. Kulikuwa na kimya cha mtu anayesikiliza swali. Sikio alilijua swali lenyewe, na alikumbuka kwamba yeye alipoulizwa alikuwa na nafasi ya kutosha ya kujibu. Aligeuza juu sikio lake lililobaki, akalala bila kupumua chini ya chuma, akimsubiri mkewe aseme hapana.