Mkono Sikioni

“Hivi shoga, huyo mtoto wa dada yako akilia nyumbani, utajuaje kama analia kweli?” jirani alimuuliza Meneja siku moja, wakianika nguo.

Meneja alicheka hadi kibanio kikamdondoka. Alisimamia maabara ya chuo kikuu inayochunguza tabia za watu, na binti huyo, aliyemlea tangu dada yake afariki, aliajiriwa humo kulia. Aliketi na wageni waliokuja kuhojiwa, akijifanya mgeni mwenzao, kisha akalia, ili watafiti nyuma ya kioo waone mgeni atamfanyaje. Kazini walimwita Machozi.

“Kazini hushika sikio kwanza,” Meneja alijibu. “Ndiyo ishara yetu, walio nyuma ya kioo wajiandae. Nyumbani ana la kulilia gani? Ana mchumba, ingawa mtu mwenyewe kila siku yuko safarini, hata sura yake siijui.”

Jumatatu asubuhi Meneja alikuta kabati la maabara wazi. Kufuli halikuvunjwa. Kamera iliyowarekodi wanawake wakieleza wanavyopigwa na waume zao haikuwepo. Kila mmoja alikuwa ameapiwa kwamba hakuna mtu wa nje atakayemwona.

“Ee Mungu, nisitiri,” alisema.

Kabla ya kumtafuta mwizi aliwapigia simu wale wanawake, awaonye. Mmoja hakupokea. Alifika mwenyewe, mkono umefungwa bendeji, shavu limevimba.

“Jana mume wangu kaniwashia kamera mezani, najiona ninavyomsema,” alisema. “Mama, uliniapia.”

Meneja alimpa kiti, akamwita askari wa kike, naye akawatuma wenzake wakamkamate mume. Kisha Meneja akaanza kuuliza.

Mlinzi wa mlangoni alikuja juu. “Mimi? Kabati lenyewe sijui linafungukia upande gani! Na ufunguo unalala kwako, mama, haulali kwangu.”

Profesa aliyeongoza utafiti alikuwa ameomba kusafiri na kamera ile nje ya nchi, Meneja akamkatalia. “Nilikasirika, sikatai,” Profesa alisema. “Lakini nimpelekee mume wa mtu ili iweje? Aliyeiba anamjua huyo bwana.”

Meneja akakumbuka. Katika mahojiano, mwanamke yule alisema mumewe ni dereva wa lori aliyekatika kidole. Waliosikia ni Meneja mwenyewe, Profesa, na Machozi aliyeketi na mwanamke huyo.

Akamwita Machozi katika chumba kilekile cha mahojiano.

“Kamera imeibwa, mwanangu.”

“Masikini wale wanawake!” Machozi akashika sikio, akainamisha kichwa, machozi yakamtiririka.

Meneja aliutazama mkono ule.

“Toa mkono sikioni,” alisema polepole. “Hapa hatuko kazini.”

Mkono ukashuka.

“Mchumba wako ana vidole vingapi?”

“Mama mdogo…”

“Nakuuliza.”

“Tisa. Aliniambia hajaoa! Nikachukua ufunguo mkobani mwako ulipokuwa unasali. Nilitaka nimwonyeshe, akane. Basi! Akaninyang’anya kamera, akasema huyo ni kichaa wa mtaani kwao, na harusi iko palepale.”

“Ukamwamini?”

“Nilitaka kumwamini.”

“Na mimi ungeniambia lini?”

“Baada ya harusi.”

Meneja akanyanyuka, akabonyeza swichi ya chumba cha pili. Kioo kile humficha mtu maadamu upande wake una giza. Taa ilipowaka kikawa dirisha. Nyuma yake alikaa askari, na kando yake mwanamke mwenye bendeji. Walikuwa wamesikia yote.

Machozi alipiga yowe. Safari hii alilia kwa kwikwi, mikono yote miwili imelegea magotini.

“Dada, nisamehe! Sikujua atakupiga!”

“Si nilikwambia?” Sauti ya mwanamke ilitoka katika spika ya ukutani. “Nilikwambia ananipiga. Ukalia, na mimi nikakushika mkono, nikakubembeleza.”

Aliinuka, akaupakata mkono wake mbovu, akatoka.