Kiti cha Pembeni

Yaliyompata rafiki yangu Tusajigwe sipendi kuyasimulia kukiwa na giza. Ni daktari wa afya ya akili, mtu wa Mbeya aliyehamishiwa Sumbawanga. Mahakama ilimletea Urbano, mkulima wa Mpui aliyechoma nyumba yake mwenyewe, ampime kama ana akili timamu.

Kila alipoingia ofisini kwa daktari, Urbano alichuchumaa, akapiga makofi ya taratibu akikielekea kiti kitupu cha pembeni, akasikiliza kidogo, ndipo akakaa. Tusajigwe akaona ugonjwa.

"Hivyo ndivyo Wafipa tunavyosalimia wakubwa, daktari," Lucia, dada yake Urbano, alimweleza. "Naye mkubwa anakujibu kwa makofi."

"Pale kwenye kiti kuna mkubwa gani?"

"Muulize mwenyewe."

Akamuuliza.

"Mama," Urbano alisema. "Tulimzika mwaka juzi, akarudi ndani. Nilichoma nyumba ili atoke. Akatoka na mimi."

Askari walipomrudisha rumande, wingu likatanda na umeme ukakatika. Tusajigwe alikuwa ameshaamua: huyu ni mgonjwa, atibiwe, asifungwe. Akainuka nyuma ya meza, akafunga begi. Alipofika mlangoni, sijui nini kilimwingia, akageuka, akachuchumaa gizani na kukipigia makofi kile kiti cha pembeni.



Kisha akajibiwa, taratibu, kwa makofi makavu ya mikono iliyozoea jembe. Hayakutoka pembeni. Yalitoka nyuma ya meza, kwenye kiti alichotoka kukikalia yeye.