Kitufe cha Kioo

Kila siku nikitoka shule, kabla hata sijavua viatu, huketi mbele ya kompyuta ya mama. Mama ni fundi mihuri. Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, chenye printa, skana na mashine ndogo inayochonga mpira kwa mwale wa taa kali. Mimi huandika maneno ya wateja kwenye kompyuta, na kaka yangu hufuta vumbi la mpira kwenye mashine. Mama huniita Kimbelembele, eti kwa sababu najibu swali kabla halijaisha. Si kweli. Wakati mwingine nasubiri.

Maneno ya muhuri huchongwa kinyume, ili yakigongwa kwenye karatasi yasomeke sawasawa. Programu yetu ilikuwa na kitufe cha kuyageuza, nasi tulikiita kioo. Kwenye skrini maneno yalionekana kawaida, lakini yakienda kwenye mashine yaligeuka yenyewe. Mama alikiwasha kioo siku programu ilipowekwa, na tangu hapo hakuna aliyekikumbuka.

Alhamisi moja nilikuta ujumbe uleule uliokuwa umeganda kwenye skrini tangu Jumatatu. Ulisema toleo jipya la programu liko tayari. Chini yake kulikuwa na maandishi madogo chungu nzima, kisha kitufe cha KUBALI. Mama alikuwa ametuonya, "Msiuguse huo. Nitausoma nikipata nafasi." Lakini ulikuwa umefunika nusu ya kazi yangu, na nilikuwa nimechoka nao. Nikabonyeza. Programu ikajifunga, ikajifungua tena ikiwa na rangi za kupendeza. Nikajipongeza kimoyomoyo.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa muhuri wa zahanati. Wa zamani ulikuwa umepasuka, na muuguzi mkuu angekuja kuchukua mpya saa kumi na moja jioni. Asubuhi yake watoto wangechanjwa, na kadi isiyo na muhuri haikubaliki popote. Mama aliyetembea na mtoto mgongoni angeambiwa arudi siku nyingine.

Mama alichonga, akapaka wino, akagonga kwenye karatasi. Kaka akainama kusoma.

"I-TA-NA-HAZ," akasoma. "Mama, hiki kilugha cha wapi?"

Mama hakucheka. Herufi Z na N zilikuwa zimepinduka. Akachonga mpira wa pili. ITANAHAZ tena! Sasa ulibaki mpira mmoja tu, na duka la vifaa lilikuwa limefungwa hadi Jumamosi.

"Wewe," mama akamgeukia kaka, "jana uliifanya nini mashine yangu?"

"Nilifuta vumbi tu, mama, kama kila siku."

"Kufuta vumbi hakupindui herufi! Umegusa kitu. Toka, nenda nje kabla sijakasirika zaidi."

Kaka akatoka akijifuta machozi.  Nilijua ni mimi, au nilihisi hivyo, lakini ulimi ulikuwa mzito. Ajabu ni kwamba siku zote ulimi huo ni mwepesi mno. Nikajifanya nakagua vikaratasi vya wateja. Mama akachukua bisibisi na kuanza kulegeza skrubu ya kwanza ya mashine. Ya pili. Ya tatu.

"Mama, usiifungue," nikasema. "Mashine haina kosa. Ni mimi. Nilibonyeza KUBALI."

Bisibisi ikasimama. "Lini?"

"Leo. Kabla hujachonga."

"Ulisoma kilichoandikwa?"

Nikatikisa kichwa.

"Nimeharibu mipira miwili, nimemfukuza mwenzio, na wewe umekaa hapo unanitazama!" Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniumiza.

Tukatafuta kioo kila mahali kwenye programu. Tulikuta vitufe vya vivuli, vya maua, hata cha kufanya herufi zicheze. Kioo hakikuwepo. Mama akampigia simu fundi kompyuta.

"Waliotengeneza programu wamekiondoa, mama," fundi akajibu. "Wanasema waliokuwa wakikitumia ni wachache."

"Wachache? Waje hapa waniambie mimi ni mchache!"

"Nitakurudishia toleo la zamani, ila niko mbali. Nitafika Jumamosi."

Mama akakata simu, akashika tama. Ilikuwa saa kumi kasoro robo. Niliuchukia ule ujumbe, nikazichukia rangi zake za kupendeza, lakini zaidi nilijichukia mwenyewe. Nikachukua karatasi niliyokuwa nimechapia maneno ya muhuri, nikatoka nje kumweleza kaka ukweli.

"Kaka, nisamehe. Si wewe, ni mimi niliyeharibu. Mama ameshajua."

 Alininyang'anya ile karatasi, akaiinua mbele ya uso wake kama anayesoma gazeti, ili tu asinione. Jua la jioni lilikuwa nyuma yake, likapenya karatasini. Mimi niliyekuwa upande wa nyuma wa karatasi nikaona wazi: ITANAHAZ.

"Kaka! Usiishushe!" nikapiga kelele. "Mama, njoo! Huku nyuma maneno yamegeuka!"

Mama akaja mbio. Akatazama upande wa kaka, akatazama upande wangu. Kisha akamshika kaka bega. "Nimekuonea, mwanangu. Nilikulaumu kabla sijauliza. Nisamehe." Kaka akashusha pumzi, na hatimaye akatabasamu kidogo.

Tukachapa maneno yale makubwa, yakijaza ukurasa mzima. Kaka akaibana karatasi kwenye kioo cha dirisha, upande wenye maandishi ukielekea jua, na mama akafuatisha kila herufi kwa nyuma kwa kalamu nyeusi. Kalamu ikateleza kidogo kwenye N. "Haidhuru," akasema, "tukiipunguza haitaonekana." Tukaipitisha kwenye skana ule upande wa nyuma, wenye maneno yaliyokwisha kugeuka, tukaipunguza, mashine ikaanza kuchonga mpira wa mwisho. 

Muuguzi alipobisha hodi, mama alikuwa anapaka wino.

"Fundi, vipi, muhuri uko tayari?"

"Karibu, sista. Hebu tuone wote."

Akagonga. ZAHANATI. Kaka alisoma kwa sauti, polepole, na safari hii mama alicheka hadi akaketi.

Muuguzi alipoondoka, mama alituita. "Kubonyeza bila kusoma ni kosa, na mimi nilimlaumu mtu bila kuuliza, hilo nalo ni kosa," akasema. "Lakini nusura nifungue mashine nzima kwa sababu ya ukimya wako. Ungesema mapema, tungeokoa mpira mmoja na machozi ya kaka yako. Ukikosea, mwanangu, sema upesi. Kimbelembele chako kifanye kazi hapo."

Jumatatu iliyofuata, kitufe cha kioo kikiwa kimesharudi, nilifungua kompyuta na kukuta ujumbe mwingine katikati ya skrini, na KUBALI yake. Mkono wangu ulikuwa njiani tayari. Nikauweka mapajani.

"Mama," nikaita, "kuna kitu cha kusoma."

Akavuta kiti, akavaa miwani. Kaka akaacha kitambaa chake cha vumbi akaja kusimama nyuma yetu, nami nikaanza kusoma kwa sauti, tangu herufi ya kwanza.