Nabii Aliyetaka Kutubu

Nabii alikutwa Jumamosi asubuhi katika chumba cha nyuma ya madhabahu. Alilala chali, mikono kifuani, suti nyeupe imenyooshwa vizuri. Mtaalamu wa uchunguzi alipomgeuza, Inspekta aliona kisogo kilivyopasuka.

"Mrudisheni alivyokuwa," aliagiza. "Mtu asiingie."

Mke wa marehemu alikaa benchi la mbele, macho makavu.

"Alikuwa na ugomvi na nani, mama?"

"Na nafsi yake. Kesho angewaambia waumini kwamba hajawahi kusikia sauti ya Mungu. Hata siku moja."

"Nani mwingine alijua?"

"Mzee wa kanisa. Jana alimwita amwombe radhi kwanza."

"Kwa nini yeye?"

Mjane aliinamisha kichwa. "Binti yake alikuwa na kisukari. Mume wangu alimtangazia uponyaji, akamwambia aache sindano. Tulimzika."

Mzee wa kanisa alikuwa akipanga viti. Ndiye aliyepiga simu polisi.

"Pole, Mzee. Ulimgusa marehemu?"

"Hata. Nilichungulia mlangoni, nikakimbia. Kumpiga mtumishi wa Mungu kisogoni! Watu hawana haya."

"Alilala chali, Mzee. Kisogo ulikionaje?"

Kiti kilimponyoka. Akakaa juu ya kingine, taratibu, kama mgonjwa.

"Alinipigia magoti," alisema. "Akalia. Akasema siku ile alibahatisha tu. Alibahatisha, afande!"

"Ukalipiza kisasi."

"Kisasi cha nini? Nilimsihi anyamaze. Nikamwambia, nimekusamehe, ila usiseme. Akakataa, eti dhamiri inamsuta. Alipoinama kuomba, nikachukua kinara cha shaba. Kisha nikamlaza vizuri. Alikuwa nabii wetu."

"Kusema kwake kungekudhuru nini?"

Mzee alimtazama kama anayeulizwa jambo la kitoto.

"Mwanangu alinililia nimpe dawa. Nikamwambia, 'Amini, mama.' Nilizimwaga chooni kwa mikono hii. Kama nabii alikuwa wa kweli, basi Mungu alimchukua mtoto wake. Kama alikuwa mwongo, nimemuua mimi."

Inspekta alitoa pingu. Mzee akanyoosha mikono bila ubishi.

"Nifungeni hata maisha," alisema. "Ila waumini wasijue alitaka kusema nini. Mama yake binti bado anaamini."

"Yatasemwa mahakamani, Mzee. Yote. Na mkeo atakuwepo."

Hapo ndipo Mzee alipoketi sakafuni, akakataa kuinuka. Ilibidi konstebo wawili wambebe hadi garini.