Mawese Ndani ya Nyaya

Waliokuwamo katika chumba cha dereva, asubuhi ile ya baridi ya Juni 1993, ni hawa: Kazadi, dereva, Hassani, fundi wa injini, Nkulu, mkuu wa treni, aliyevaa shati jeupe la kazi, na Odile Kyungu, ambaye hati zake zilimtaja kuwa karani wa reli.

Hakuwa karani.

Chini ya koti lake palikuwa na bastola aina ya Browning. Mkononi alishika redio ya Motorola. Amri aliyopewa Kolwezi ilikuwa fupi: njiwa wafike Kasai.

Njiwa walikuwa abiria. Walikuwa wamefukuzwa Kolwezi kwa sababu mababu zao walitoka Kasai, wakalala kituoni kwa majuma wakingoja treni. Sasa walibanana katika mabehewa ya mizigo, milango imefungwa kwa minyororo kutoka ndani. Katika behewa la tatu alikuwamo Bilonda, mke wa Kazadi, pamoja na watoto wao.

Odile alijua zaidi. Katika behewa la mwisho, chini ya masanduku ya wakimbizi, palifichwa magunia ya kobalti ya magendo. Mwenyewe ni mgeni mmoja aitwaye Lemaire. Malori yake yalingoja mahali reli inapopita kati ya kuta mbili za mwamba, kabla ya Tenke, pamoja na vijana wenye bunduki. Treni ikizimika pale, malori yangebeba magunia na vijana wangewashukia watu. Penye maiti nyingi, nani angeuliza habari za magunia?

Jambo moja hakulijua: ni nani angeizima treni.

Jiwe liligonga kioo. Vijana wengine, wenye mapanga, walikuwa wakikimbia nyuma ya treni tangu kituo cha Mutoshi, kwa kuwa ilikwenda polepole.

Injini ikakohoa.

Kazadi alinusa hewa. "Nani iko anapika sombe ya mawese humu?"

"Njaa njo inakuotesha, tata," alisema Hassani.

"Musitaje chakula," alisema Nkulu. "Mi sijatia kitu mu kinywa tangu jana. Hata chai."

Walicheka kidogo. Odile hakucheka. Harufu ilitoka kwenye mlango wa injini.

"Tata Kazadi, simamisha."

"Apa, mama? Ba mapanga beko nyuma."

"Mbele kuna wenye bunduki. Simamisha."

Treni ilisimama. Vilio vikasikika mabehewani. Hapakuwa na pa kukimbilia: nyuma mapanga, mbele bunduki, pembeni nyasi kavu.

Odile aliingia katika ujia wa injini akiwa na tochi yake ndogo kama kalamu. Injini ilikuwa mpya, imefungwa katika gari kuukuu, kwa kuwa wezi walikuwa wamekata nyaya za shaba zilizolisha treni za umeme. Vipulizia vyake vya dizeli vilipokea amri kutoka kwenye kompyuta ndogo kwa njia ya nyaya. Alichomoa plagi ya nyaya hizo.

Mafuta.

Hayakuwa meusi kama mafuta ya injini. Yalikuwa mekundu, nayo yalimetameta kwa unga wa shaba.

Akaelewa. Mawese huganda katika baridi ya alfajiri. Injini ikipata moto huyeyuka, hutiririka, na kuubeba unga wa shaba hadi kwenye vijiti vya plagi. Umeme hupotea njia. Hiyo ilikuwa saa isiyo na mshale, iliyotegwa ili treni izimike kati ya kuta za mwamba. Tena kila waya ni fungu la nyuzi, na mafuta hupanda kati ya nyuzi kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi. Yakifika kwenye kompyuta, treni haitaondoka tena.

"Hassani, plagi mnaisafisha na nini?"

Fundi alitoa chupa mfukoni. Lutuku.

"Na wewe unaenda musikiti," Kazadi alisema mlangoni.

"Sinywe, tata. Dawa ya byuma ilikwisha mu depo. Tunasafishaka na hii."

Odile aliosha plagi kwa pombe ile kali, kijiti kwa kijiti. Kisha akazikata nyaya mbili kuu, mahali ambapo mafuta yalikuwa hayajafika.

"Nataka shaba nzima. Isiyo ya nyuzi."

Kazadi alitazama kikuku cha shaba mkononi mwake. Akakivua taratibu.

"Bilonda njo alinipa."

"Nami nakitumia kwa ajili ya Bilonda."

Walikikata vipande viwili. Hassani aliviunga kwenye nyaya zilizokatwa kwa risasi ya kulehemu juu ya kiberiti cha Zippo, akavizungushia mpira wa tairi la baiskeli. Ndani ya shaba nzima mafuta hayana pa kupita.

Mawe yalianza kugonga mabehewa.

Nkulu alinyoosha mkono kuelekea kwenye redio ya treni. Odile aliudaka. Kwenye ukingo wa mkono wa shati jeupe palikuwa na doa la rangi ya machungwa.

Doa lilimetameta.

"Hukula tangu jana, shefu. Haya mawese ni ya chakula gani?"

"Ni ya zamani."

"Bongo, unadanganya," alisema Kazadi kwa sauti ya chini. "Batoto yangu beko mule, Nkulu. Wewe ulibakamata mukono, ukabapandisha."

Nkulu aliinamisha kichwa. Mdomo wa Browning ulimgusa shingoni.

"Mwite Lemaire. Mwambie treni imekufa Mutoshi."

"Patro, hapa Nkulu," alimwambia mkubwa wake redioni.

"Sema."

"Gari imekufa. Mutoshi. Kujeni na malori na vijana."

"Tunakuja."

Odile aliinua Motorola, akawaita wenzake wenye silaha waliokuwa barabarani. "Mlinzi, hapa Karani. Malori yanaelekea Mutoshi."

"Tutayapokea."

Kazadi aliwasha. Injini iliguna, ikasita, ikanguruma. Panga la kwanza liligonga ngazi treni ilipoanza kusogea. Mbali, ng'ambo ya nyasi, vumbi la malori lilipita barabarani likielekea Mutoshi. Kuta za mwamba ziliwameza, zikawatema. Hapakuwa na mtu.

Walipofika Tenke, Odile alishuka akimtanguliza Nkulu. Akalifungua behewa la mwisho kutoka kwenye treni, akawageukia Kazadi na Hassani waliokuwa dirishani.

"Masanduku ya watu yapandishwe mbele. Magunia na Nkulu watabaki nami. Nyinyi mnaendelea Kasai, na kikuku hakitoki kwenye injini mpaka mama Bilonda aguse ardhi."